Kufundisha manesi wa ICU kufanya saksheni salama: mwongozo kamili kwa wakufunzi wa wodini

Meseji ninazopata kuhusu hii kitu zinafanana karibu zote. Mtu ameambiwa afundishe wenzake saksheni (kufyonza makohozi kwa tyubu ya kupumulia ya mgonjwa), akatengeneza slaidi chungu nzima, watu wakakaa ukumbini asubuhi yote, chai na mandazi ikapita, kila mtu akapata pointi zake za CPD (mafunzo endelevu ya kazini), halafu wiki haijaisha anaingia ICU anapata nesi yule yule anasukuma katheta (mpira mwembamba wa kufyonzea) ndani huku kidole kimeziba tundu la kuwasha mvuto, SpO2 (oksijeni ya damu kwa asilimia) iko 84 na hakuna mtu anaangalia monita.

Manesi wenyewe wako sawa, mpangilio wa mafunzo ndio unawaangusha. Tunaanza na mikono, shika hapa ingiza pale, na mambo ya kuamua nani afanyiwe na lini tuache tunayasukuma mwisho kama dakika zimebaki. Hapa tutaanza na kuamua, mikono ifuate, halafu tumalizie kitandani kwa mgonjwa. Kama uko Kisumu, Kakamega, Nakuru ama hospitali ya kaunti yenye vitanda vinne vya ICU na mashine moja ya saksheni ya kuhamahama, inafanya kazi vile vile.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaita mtu

Usianze bila hivi:

- Tyubu za kupumulia (ETT) saizi 7.0, 7.5 na 8.0. Zilizoexpaya ni sawa kabisa kwa mazoezi
- Katheta za saksheni namba 10, 12 na 14. Kichwa cheusi ni 10, cheupe ni 12, kijani ni 14
- Katheta moja ya mfumo uliofungwa, ile inakaa ndani ya mfuko wa plastiki kwa ventileta (mashine ya kumpumulia mgonjwa)
- Mashine ya saksheni yenye geji inayosoma, ama ya ukutani
- Ambu (mfuko wa kumpa mgonjwa hewa kwa mkono) yenye mfuko wake wa akiba
- Glavu za latex, strapu, chupa ya soda ya plastiki
- Uji wa unga wa mahindi aina mbili, mwepesi na mzito, uliopoa na usio na sukari (sukari inaleta nzi na inagandisha mipira)
- Simu yenye stopuwochi
- Fomu ya ukaguzi ya ukurasa mmoja, kila mtu na yake

Kila kifaa cha mazoezi kiandikwe YA MAZOEZI kwa maka peni nene na kikae kwa boksi yake. Katheta iliyoguswa na uji ikirudi kwa shelfu ya wodi, umefundisha watu kumuua mgonjwa.

Kundi liwe la watu wanne, sita ikizidi sana. Zaidi ya hapo wawili watashika katheta na wengine watashika simu. Na usipange asubuhi, raundi haijaisha na madaktari wanaita, ngoja mchana kukitulia.

## Hatua ya 1: Waangalie kabla hujafungua mdomo

Kaa ICU siku mbili tatu na fomu yako, angalia kila nesi akifanya saksheni vile anafanya siku zote. Usirekebishe kitu isipokuwa mgonjwa anaumia.

Sababu ni kwamba ukimuuliza mtu kama anajua saksheni atakuambia ndio, na anaamini. Amefanya miaka. Lakini mikono yake ina tabia zake ambazo hata yeye hazijui, na usipozijua utafundisha kitu ambacho si shida yake.

Mambo unayoweza kuyaona mapema sana: kidole kimeziba tundu wakati wa kuingia, katheta namba 14 kwa kila mgonjwa, hakuna oksijeni ya kutangulia, selaini (maji ya chumvi) inamwagwa kwa tyubu kabla ya kila kitu, na ile mbaya kuliko zote, katheta iliyotoka mdomoni kurudi kwa tyubu.

Onyo: mwambie sista in-charge na uwaambie manesi wenyewe kwamba unaangalia na kwa nini. Ukijificha na karatasi kama askari wa kanjo watabadilika mbele yako tu. Na usiandike majina ya watu kwa ubao.

Umefaulu ukiwa na orodha ya kila mtu na makosa yake mawili matatu. Hiyo ndio syllabus yako.

## Hatua ya 2: Fundisha kuamua

Ng'oa ile karatasi ya "saksheni kila masaa 2". Kuangalia kama mgonjwa anahitaji, hiyo fanya kila masaa 2 ama hata mapema zaidi. Kumwingizia katheta ni kitu ingine, inafanyika kukiwa na dalili.

Waelezwe kwa nini. Katheta ikifyonza haifyonzi makohozi peke yake, inavuta na hewa na oksijeni iliyo kwa mapafu, vifuko vidogo vya hewa vinajikunja. Inakwaruza ngozi laini ya ndani. Inagusa mishipa ya fahamu ya vegasi na moyo unaweza kupunguza mwendo ghafla. Kwa mgonjwa wa kichwa, preshi ndani ya fuvu inapanda. Kwa hivyo saksheni ambayo haikuhitajika ni madhara bila faida.

Dalili za kweli ni hizi: makohozi yanaonekana kwa tyubu, sauti ya kukoroma ukiweka stethoskopu hapo juu ya kifua karibu na koo, alamu ya preshi ya juu kama ventileta imesetiwa kwa voliumu (kiasi cha hewa), ama hewa anayopata imepungua kama imesetiwa kwa preshi, SpO2 inashuka bila sababu nyingine, mgonjwa anakohoa na kuhangaika. Halafu kuna ile grafu ya mtiririko wa hewa ikionekana na meno kama ya msumeno. Hapo tahadhari: maji yaliyojaa kwa mipira ya ventileta yanatoa meno yale yale, kwa hivyo kwanza yamwage, upande wa mbali na mgonjwa, halafu uangalie tena.

Sasa wape kesi. Hapa ndio mafunzo yenyewe yako, usiharakishe. Andika kesi tano fupi na uhakikishe angalau tatu hazihitaji saksheni. Mifano ninayotumia:

Kijana wa ajali ya boda boda, ameumia kichwa, ametulia, SpO2 97, kifua kiko kimya, saksheni ya mwisho ilikuwa masaa matatu yaliyopita. Wengi watasema "muda umefika." Jibu ni mwache. Yeye hasa ndio saksheni ya bure inaweza kumharibia.

Mama wa makamo, alamu ya preshi ya juu inalia, kifua safi, ameuma tyubu. Jibu ni shughulikia kuuma, angalia usingizi wa dawa na maumivu, weka kizuizi cha meno.

Mzee, SpO2 inashuka, upande wa kushoto wa kifua hausikiki kabisa. Angalia namba ya kina iliyochapwa kwa tyubu pale mdomoni, tyubu inaweza kuwa imeteremka ikaingia pafu la kulia, ama pafu limetoboka. Mwite daktari. Ukikimbilia katheta hapo umepoteza dakika za maana.

Umefaulu wakati nesi anaanza kusema "huyu simfanyii" na anakupa sababu bila kukuangalia usoni kutafuta jibu.

## Hatua ya 3: Hesabu mbili tu, saizi na preshi

Saizi: chukua saizi ya tyubu, zidisha kwa 3, gawa kwa 2, ukipata sehemu shuka chini. Tyubu 8.0 inakupa 12. Tyubu 7.5 inakupa 11 na kitu, chukua 10. Tyubu 7.0 inakupa 10 na nusu, chukua 10.

Sababu: kwa mtu mzima katheta isizidi nusu ya upana wa ndani wa tyubu, ndio hewa iweze kupita kando yake ikijaza pale unafyonza. Namba ya katheta ukiigawa kwa 3 unapata unene wake kwa milimita, kwa hivyo 14 ni kama milimita 4.7, ukiiweka kwa tyubu ya 7.0 imekula theluthi mbili ya upana. Waambie wapige hiyo hesabu wenyewe kwa simu. Mtu akiiona mara moja hawezi tena kukuambia "14 ndio inatoa vizuri."

Najua swali linalofuata: stoo italeta 14 peke yake. Kama mgonjwa anaziba na hakuna ingine, tumia, iwe mara moja, fupi, na oksijeni ya kutosha, uandike kwa faili. Lakini hiyo hesabu ipelekee in-charge na mtu wa stoo pia, manake oda ya katheta wanafanya wao na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwaelezea tofauti.

Preshi: kwa mtu mzima anza 100 mpaka 120 mmHg, panda mpaka 150 kama makohozi ni mazito, na usivuke 200 kamwe. Ndogo kabisa inayofanya kazi ndio sahihi.

Kuna mtego hapa unaokamata karibu kila mtu. Geji inasomwa mpira ukiwa umezibwa. Kunja mpira ama uzibe mwisho na kidole gumba, halafu ndio usome na urekebishe. Ukisoma mpira ukiwa wazi geji inaonyesha namba ndogo, unaongeza, unaongeza, halafu katheta ikigusa ngozi ya ndani preshi yote inaishia hapo na unapata damu.

Mtego wa pili ni vipimo. Mashine nyingi ndogo za kubeba zinasoma MPa ama kPa. 150 mmHg ni 20 kPa, ambayo ni 0.02 MPa. 100 mmHg ni kama 13 kPa. Andika kwa strapu ubandike kando ya geji, na uchore laini nyekundu pale 150.

Umefaulu kila mtu akiweka preshi sawa kwa mashine mbili tofauti bila kuulizwa.

## Hatua ya 4: Uji na glavu

Hii inachukua nusu saa na inafundisha kuliko slaidi zote.

Chukua tyubu ya 7.0, vuta mdomo wa glavu juu ya mwisho wa chini, funga na strapu mpaka hewa isitoke. Glavu ndio pafu. Ijaze hewa na ambu, taratibu, vidole visimame bila kutanuka. Ondoa ambu. Sasa ingiza katheta 14, ziba tundu, fyonza. Vidole vya glavu vinalala vyote mara moja na latex inang'ang'ania katheta, inaingia kwa matundu yake. Jaza tena, rudia na katheta 10 kwa preshi ile ile. Inapungua, lakini polepole, na unasikia hewa ikiingia kando ya katheta.

Mwache kila mtu afanye mwenyewe zote mbili. Usieleze mpaka wote wamalize, watajieleza.

Halafu uji. Weka mwepesi kwa chupa ya soda, wafyonze na 10. Unatoka bila shida. Weka mzito. Unagoma. Sasa waambie waongeze preshi mpaka mwisho wa geji: bado unatoka kidogo tu. Hapo ndio unaleta mada ya unyevu. Makohozi mazito yanalainishwa na hewa yenye unyevu na maji mwilini, kwa hivyo angalia chujio cha HME (kile kinachohifadhi unyevu wa pumzi) kama limelowa ama limeziba, angalia hita ya maji kama ipo na inafanya kazi, ongea na daktari kuhusu maji ya mgonjwa.

Na selaini? Mwaga mililita 5 za selaini juu ya uji mzito mbele yao. Inakaa juu, haichanganyiki. Kwa mgonjwa hiyo selaini inateremka na vijidudu vilivyokuwa vimeganda ukutani mwa tyubu, sehemu kubwa haitoki tena, na SpO2 inaweza kuanguka. Kwa hivyo si ya kila siku. Najua kuna watu watabisha sana hapa, wacha wabishe wakiangalia chupa.

Umefaulu ukisikia mtu anamwambia mwenzake "usiongeze preshi, angalia HME."

## Hatua ya 5: Mfululizo mzima

Sasa mikono. Kama una manikini vizuri, kama hauna, ile tyubu na glavu iliyofungwa kwa mto inatosha. Onyesha mara moja kimya bila maneno, kwa kasi ya kawaida. Onyesha tena ukieleza. Halafu mwanafunzi akuelekeze wewe kwa mdomo huku ukifanya, yeye akisahau kitu wewe usikifanye. Mwisho ndio ashike yeye.

1. Andika namba za kuanzia. SpO2, mapigo ya moyo, preshi ya damu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na Kisumu kama 1,130, hewa si ile ile, na mgonjwa naye ana lake, kwa hivyo linganisha mgonjwa na yeye mwenyewe.

2. Mwambie mgonjwa. Hata kama amelala kwa dawa. "Mzee, nataka kutoa makohozi, utakohoa kidogo, halafu nitakuacha upumzike." Kama ni mama wa Ahero ambaye Kiswahili ni cha kubahatisha, mwambie kwa Dholuo. Mgonjwa aliyeshtuka anapigana, na anayepigana anavuta tyubu.

3. Kichwa cha kitanda nyuzi 30 mpaka 45, kama hakuna kinachozuia.

4. Mikono, maski, miwani, eproni, glavu. TB ikishukiwa, N95, na mfumo uliofungwa kama upo. Kwa mfumo wazi, mkono unaoshika katheta una glavu tasa na haugusi kitu kingine chochote, hata reli ya kitanda.

5. Ambu iko tayari, imeunganishwa na oksijeni, mfuko wa akiba umejaa. Ikiwa kwa kabati haihesabiki.

6. Oksijeni asilimia 100 kwa sekunde 30 mpaka 60. Ventileta nyingi zina kitufe chake, inatoa 100 kwa dakika mbili hivi halafu inarudi yenyewe. Hapa ndio watu wanaruka wakiwa na haraka, na hapa ndio SpO2 inaangukia.

7. Pima urefu. Katheta ifike mwisho wa tyubu, ikizidi sana sentimita 1 ama 2. Chukua tyubu nyingine ya saizi ile ile, pamoja na kiungo chake cha juu, pima urefu wote, kama ya mgonjwa imekatwa toa kile kilichokatwa, andika kwa strapu juu ya kitanda: tyubu ngapi, katheta ngapi, urefu ngapi. Ile desturi ya kusukuma mpaka ukwame ndio inaleta damu, manake pale unakwama ni pale njia ya hewa inagawanyika na ngozi yake imeshachoka kugongwa.

8. Ingia kidole kikiwa mbali na tundu. Taratibu, bila kufyonza.

9. Ziba tundu, toka moja kwa moja. Usipampu juu na chini. Kutoka kuingia mpaka kutoka isizidi sekunde 15, na saa inahesabiwa tangu katheta inapoingia tyubu, si tangu uanze kufyonza. Mwenzake ahesabu kwa sauti na stopuwochi, watu wengi wanadhani wametumia 10 kumbe ni 20 na zaidi.

10. Rudisha hewa, angalia monita, ngoja mpaka namba zirudi pale zilianzia. Kama bado kuna makohozi rudia, jumla zisizidi mara tatu kwa kikao.

11. Mdomo unakuja mwisho, na kifaa chake chenyewe. Katheta ya tyubu inaweza kumalizia mdomoni halafu ikatupwa, lakini ya mdomoni hairudi kwa tyubu hata kidogo.

12. Hakikisha namba ya tyubu pale mdomoni haijasonga, preshi ya kafu (puto la tyubu linaloziba kando yake) iko kati ya 20 na 30 cmH2O, sikiliza kifua pande zote, na oksijeni imerudi kwa kiwango cha kawaida. Kuacha 100 usiku kucha ni kosa pia.

13. Andika. Dalili iliyokufanya uingie, rangi na uzito wa makohozi, SpO2 kabla na baada. "Saksheni imefanyika" haimsaidii mtu wa shifti ya usiku.

Katheta na glavu kwa mfuko wa njano. Suuza mpira na maji masafi. Chupa ya kukusanya ibadilishwe kabla haijajaa, robo tatu inatosha, manake ikijaa inakata nguvu ama maji yanaingia kwa mashine. Vya kurudiwa viende kwa klorini ya 0.5%: Jik ya 3.5% kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji.

### Kwa mfumo uliofungwa

Mfululizo ni ule ule lakini kuna makosa yake matatu. Kwanza, shikilia kiungo cha tyubu na mkono mwingine, mtu anavuta katheta na tyubu inakuja nayo. Pili, rudisha mpaka uone alama nyeusi iko nje ndani ya mfuko wa plastiki, ncha ikibaki ndani ya tyubu inaziba hewa na alamu inalia watu wakitafuta shida mahali pengine. Tatu, wakati wa kusuuza na selaini bonyeza saksheni kwanza, halafu ndio uingize selaini, ukigeuza mpangilio umemwagia mgonjwa. Ukimaliza funga loki.

Mgonjwa mwenye PEEP (preshi inayobaki mapafuni akimaliza kutoa pumzi) ya juu ama oksijeni nyingi ndio wa kwanza kupewa huu mfumo kama iko michache, ukimtoa kwa ventileta mapafu yanajikunja na kuyafungua tena ni kazi. Faida nyingine ni kwamba nesi mmoja anaweza peke yake, na sote tunajua usiku mko wangapi.

## Hatua ya 6: Haribu mambo makusudi

Mtu akishaweza mfululizo, anza kumvurugia. Wewe ndio monita, unasoma namba kwa sauti.

"SpO2 88, 86." Anatakiwa atoe katheta hapo hapo, arudishe oksijeni 100 kwa ventileta ama ambu, aangalie kifua kinapanda, aite msaada. Ukiona anamalizia "kidogo tu kimebaki," simamisha zoezi. Hiyo sentensi ndio tunapigana nayo.

"Mapigo 110, 70, 45." Atoe katheta, oksijeni, aite daktari, atropini (dawa ya kupandisha mapigo) iwe karibu kama itaagizwa. Mara nyingi kutoa katheta na kumpa hewa kunatosha.

"Katheta haipiti." Ameuma? Tyubu imekunjika? Kama ambu inasukumika kwa shida na kifua hakipandi, tyubu imeziba, hiyo ni dharura ya wote, daktari wa usingizi aitwe mara moja, maski ya ambu iwe mkononi manake huenda tyubu ikatolewa.

"Damu." Punguza preshi, punguza kina, usirudi bila dalili, mjulishe daktari, uliza kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda.

Halafu zima stima. Kweli, chomoa mashine kwa ukuta akiwa katikati. Wengi watasimama wakiangalia switchi. Mgonjwa kwanza: ventileta iko kwa betri? Kama haiko, ambu. Saksheni inafuata: mashine ya mguu kama ipo, na ikikosekana kabisa sirinji ya mililita 50 yenye ncha inayoingia kwa katheta inaweza kuvuta kidogo ukingojea jenereta. Ifanye hii hata kama hospitali yenu inasema jenereta inawaka yenyewe.

Umefaulu akitoa katheta kabla hajafikiria.

## Hatua ya 7: Kitandani, na wewe uko hapo

Hii ndio inaachwa na watu wengi, na bila hii hatua sita za mwanzo ni mchezo wa uji.

Simama upande wa monita, mikono nyuma. Mgonjwa wa kwanza awe imara, si yule wa PEEP 14. Nesi akuambie dalili kabla hajagusa kitu, akikosa dalili mnaondoka, na hiyo inahesabika kama amepita. Mkubaliane neno moja la kusimamisha, "toa" inatosha, ukisema anatoa bila mjadala, maelezo baadaye kwa stesheni, usimkosoe mbele ya mgonjwa wala ya familia iliyokuja kuona mtu wao.

Mimi nasaini mtu akifanya tatu mfululizo bila mimi kumkumbusha kitu, na angalau moja iwe ya mfumo wazi. Wengine wanafika haraka, wengine wanachukua wiki mbili, na huyo wa wiki mbili mara nyingi ndio anakuja kuwa makini kuliko wote. Akikwama kwa mkono mrudishe hatua ya 5. Akikwama kwa kuamua mrudishe hatua ya 2, usimpe mazoezi zaidi ya mkono, utamfanya awe mwepesi wa kukosea.

## Hatua ya 8: Rudi baada ya mwezi

Na fomu ile ile ya hatua ya 1, bila kutangaza siku. Tabia ya zamani inarudi polepole, mara nyingi kwanza ni kuruka oksijeni, halafu selaini inaibuka tena hasa kukija mtu mpya aliyefundishwa kwingine. Chagua mafaili kumi, angalia kama dalili imeandikwa. Kama nyingi zinasema "saksheni kila masaa 2," ile karatasi imerudi ukutani.

Na uchague mmoja kwa kila shifti awe ndio wa kuulizwa. Si lazima awe mkubwa kwa cheo.

## Maswali yanayorudi

Mwenye trakeo (tundu la kupumulia shingoni)? Mambo ni yale yale, njia ni fupi zaidi kwa hivyo kina ni kidogo, na angalia mrija wa ndani kama upo, toa usafishe, mara nyingi uchafu uko hapo.

Watoto? Kikao chao peke yao, usichanganye. Preshi ni ya chini, 80 mpaka 100 mmHg kwa wachanga na usivuke 120, katheta zao ni zao, na mapigo yanashuka haraka zaidi.

Mgonjwa wa kichwa akihitaji kweli? Kichwa kikae katikati, shingo isikunjwe, ongea na daktari kuhusu dawa ya usingizi kabla, oksijeni ya kutosha, ingia mara moja ama mbili na umpe muda katikati.

Daktari anasema nifanye na sioni dalili? Mwambie ulichosikia kwa kifua na namba za ventileta, muombe asikilize na wewe. "Daktari, kifua kiko safi, preshi haijapanda, tusikilize pamoja?" Akisikiliza na bado aone inafaa, fanya, uandike nani aliagiza na kwa nini.

Sina manikini, sina hata mashine ya ziada ya mazoezi. Hatua ya 1, 2 na 7 hazihitaji chochote isipokuwa wewe, fomu na muda. Anza na hizo wiki hii.